Nikifa Adhuhuri, Nizikwe Alasiri

Ngokolo, Shinyanga, Jumatano baada ya alasiri

Shabani,

Mimi baba yako nimepanda ndege mara tatu. Mara zote nilikaa dirishani, na mara ya mwisho rubani mwenyewe alitoka huko mbele akaja kunipa mkono. Kwa hiyo unapokuja hapa kunifundisha habari za viwanja vya ndege, ujue unazungumza na mtu mzoefu.

Haya, ni uongo. Naukana mapema kabla mama yako hajausoma akacheka mpaka kanga imdondoke. Ndege nimeziona Mwanza, nje ya uzio, nikiwa na kipande cha muhogo wa kuchoma mkononi. Aliyekuja alikuwa mlinzi, na mkono hakunipa, alinishika. "Mzee, hapa si pa kulia chakula." Huo ndio uzoefu wangu wote wa anga. Lakini habari za umbali nazijua kuliko wewe, kuliko hiyo simu yako, na kuliko binamu yako Ramadhani, ambaye tangu upate hiyo kazi ya Australia amekuwa profesa wa safari za watu wengine.

Sikuandikii mambo ya sweta, wala ya kuswali kwa wakati, wala ya kutokula kitu usichokijua jina. Mama yako amekwambia mara arobaini na wewe umeitikia mara arobaini bila kusikia hata moja. Nakuandikia kwa sababu ya maneno yako ya Jumapili. Ulisimama pale mlangoni, mtu mzima wa miaka thelathini, fundi wa mitambo anayefungua injini kubwa kuliko nyumba hii, ukasema: "Baba, nikiwa huko likitokea la kutokea, mnazika bila mimi? Kama hamtaningoja, siendi. Nachana tiketi."

Utachana nini, we mjinga? Tiketi iko ndani ya simu. Utachana kioo?

Nilicheka, ukatoka umenuna. Tangu siku hiyo hujaniuliza tena kwa mdomo, lakini kila ukinitazama unaniuliza. Gari la kukupeleka Mwanza linakuja kesho saa nne asubuhi, na sanduku lako mpaka sasa limekaa wazi sebuleni kama mdomo wa mtu anayesubiri sindano ya jino. Kwa hiyo nakujibu kwa maandishi. Kwa mdomo ningeanza utani na wewe ungetoka tena. Darasa langu la nne unalijua, basi ukikuta neno limekaa vibaya, lisogeze mwenyewe.

Kwanza tuinyooshe hiyo hesabu yako, maana inanikera.

Ulinishikia simu puani. Ukaandika Mwanza, ukaandika Perth ya huko Australia, ikatoa mstari mmoja umepita juu ya bahari yote: kilomita elfu tisa na mia mbili, saa kumi na moja na ushee. "Unaona baba? Si mbali. Unalala, unaamka, umefika." Ramadhani akawa anatikisa kichwa kama mjusi ukutani. Mimi nikauliza swali la kipumbavu, swali la darasa la nne: hiyo ndege inayopita kwenye huo mstari inaondoka saa ngapi? Mkatazamana. Haipo. Huo mstari kauchora mtu aliyekaa kwenye kiti, na hakuna abiria aliyewahi kupita humo.

Safari yako ni Mwanza mpaka Dar es Salaam, ukae. Dar mpaka Dubai, ukae saa saba ukitazama watu wananunua manukato. Ndipo uanze kuteremka kwenda Perth, saa kumi na moja nyingine. Mtu anakwenda kusini mashariki kwa kuanzia kaskazini! Msukuma wa Mhunze akikuona unaswaga ng'ombe namna hiyo kwenda mnadani atakunyang'anya fimbo. Ulipojumlisha, taratibu, kama mtu anayekiri kosa polisi, ukapata saa ishirini na tisa. Na saa zao ziko mbele ya zetu kwa tano, kwa hiyo Ramadhani anasema wewe utakuwa unaishi kesho. Mwambie yeye aamke leo kwanza. Ana miaka thelathini na mbili na shangazi yako bado anamgongea mlango.

Ishirini na tisa za wapi, Shabani? Hizo ni za mtu ambaye ameshakaa, amefunga mkanda, ameletewa juisi. Mimi nahesabu tangu simu inapolia. Simu italia wewe uko zamu na yenyewe imefungiwa kabatini. Ukiipata, umtafute bosi akupe ruhusa. Mgodi unaokwenda kufanyia kazi umesema mwenyewe uko jangwani, unatoka huko kwa kandege kadogo kenye siku zake. Ufike Perth, ndege ya Dubai imeshaondoka. Ufike Dubai, ya Dar imejaa. Kisha Mwanza, kisha barabara saa tatu mpaka hapa, na dereva atasimama kununua mkaa. Siku tatu. Nne, kama kuna kitakachokwama, na daima kipo. Na huyo unayetaka akungoje siku nne ni mimi, Ngokolo, mwezi wa kumi, jua linapasua mabati.

"Kuna jokofu la hospitali, baba." Ahsante sana. Maji ya friji yenyewe sinywi kwa ajili ya kifua hiki, ndiyo mnilaze humo?

Au unataka kama walivyomfanyia Mzee Mashaka wa nyumba ya tatu, ambaye mwanawe yuko Kanada? Wewe ulikuwa kazini, hukuona. Ramadhani ndiye aliyeshika simu juu ya kaburi ili mtoto aone. Watu wote kimya, sheikh ameinua mikono, Ramadhani anapiga kelele: "Unatuona? Unatusikia? Sogea penye mtandao!" Mtandao ukakatika. Picha ya mwisho aliyobaki nayo yule kijana wa watu ni tundu la pua la Ramadhani. Mtu mwenye adabu pale makaburini alikuwa mmoja tu, na ndiye tuliyekuwa tunamfukia.

Basi. Nimekucheka vya kutosha. Sasa nikueleze kwa nini nilicheka.

Bibi yako hukumkuta. Alikuwa akiuza vitumbua Maganzo, kando ya barabara, na wateja wake walikuwa wachimba almasi na madalali wao, watu wanaokopa kitumbua kwa ahadi ya jiwe ambalo Mungu hajaliumba. Alizaa wawili, shangazi yako Mwajuma na mimi. Mwanamume nilikuwa peke yangu.

Mimi nilikuwa Geita, kule Nyarugusu, nachimba dhahabu kwenye duara. Duara ni shimo, usidhani ni kitu cha heshima. Mwenye duara letu tulimwita Kiberiti, mtu mfupi, mwenye meno ya kukodi. Kule mshahara hakuna. Mnachimba miezi na miezi, mkigusa mwamba wenyewe mnapandisha mawe, mnayajaza kwenye mifuko, na siku ya mgao kila mmoja anapewa mifuko yake. Sheria ya mgao ni moja: asiyekuwepo hana mfuko. Umechimba mwaka mzima? Ulikuwa chooni tu? Pole, utachimba mwingine.

Ijumaa moja jioni, mgao umepangwa kesho yake asubuhi, Landrova ya dalali wa Maganzo ikaingia. Dereva wake, Saidi, alikuwa mtu wa nyumbani. Akanivuta pembeni.

"Juma. Mama katutoka. Leo alfajiri."

Nikakaa chini pale pale, kwenye tope.

"Wanakungoja," akasema. "Wamesema hawamteremshi bila wewe. Wewe ndiye wa kumpokea."

Hilo unalijua: mwanamke akiteremshwa kaburini hupokewa na mtu wake, mume, mwana au kaka. Baba alikuwa amekwisha kufa. Tulibaki mimi na kaka yake mmoja, mjomba Athumani, mzee wa fimbo mbili.

"Nageuza alfajiri," Saidi akasema. "Kiti cha mbele ni chako."

Alfajiri nilikwenda, mwanangu. Nilikwenda na kifurushi changu. Nikashika mlango wa gari. Halafu nikageuka nikaona ile mifuko imepangwa mstari mbele ya kibanda cha Kiberiti, na mkono wangu ukatoka wenyewe kwenye mlango, kama mkono wa mtu mwingine.

"Tangulia, Saidi. Niko nyuma yako. Waambie waningoje."

"Nyuma yangu na gari gani?"

"Lipo."

Saidi akaiangalia mifuko. Akaniangalia mimi. Akawasha gari.

Kwa hiyo sikiliza vizuri ujinga wa baba yako. Mgao haukuwa asubuhi. Kiberiti alikosana na mbia wake, wakatukanana mama zao mpaka alasiri, na mimi nimekaa pale nawatazama watu wanaotukana mama zao walio hai, mama yangu mimi amelala chini ya shuka Maganzo. Nikapata mifuko miwili. Nikaikimbiza kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe, ikasagwa, ikaoshwa. Magwangala. Mawe matupu, hayafai hata kujengea choo. Jumapili alfajiri nikadandia lori.

Yaliyotokea Maganzo nilisimuliwa na Mwajuma, na alinisimulia baada ya miaka, siku aliyokuwa na hasira na mimi kwa jambo jingine. Ijumaa walingoja. Jumamosi adhuhuri Saidi akafika, akawaambia kama nilivyomtuma: "Yuko nyuma yangu." Wakafurahi. Wanawake wakasimama barabarani. Kila vumbi lilikuwa mimi. Lori la pamba likitimua vumbi, huyo Juma. Baiskeli ya muuza maziwa, huyo. Kimbunga kidogo cha mchana, kile cha kuzungusha majani, huyo. Jua likaanza kuegemea, na joto lile, na watu wameanza kukaa mbali kidogo na mlango huku wakijifanya wanafuata kivuli. Unanielewa. Sheikh akasema basi.

Mjomba Athumani akampa mtu fimbo zake mbili. Wakamshika makwapani, wakamshusha. Akampokea dada yake, akamlaza vizuri, akafanya yote yanayotakiwa. Ilipofika kupanda, miguu ikakataa. Wanaume wawili wakashuka wakamwinua kama gunia la mpunga, na katika kuinuliwa kofia yake ikaanguka humo ndani. Mtu akataka kuinama aiokote.

"Iacheni," mjomba akasema. "Aliishona yeye."

Mimi nikafika Jumapili baada ya adhuhuri. Nikasema gari liliharibika Bukoli. Na watu wema walivyo wapumbavu, wakanikumbatia! "Pole Juma, kutoka Geita si mchezo." "Pole, umbali huo, ungefanyaje?" Umbali! Saidi amekaa pale pale mkekani anakunywa chai. Alinitazama juu ya kikombe, akaendelea kunywa. Mwajuma alisema maneno mawili tu.

"Mama alikungoja."

Wiki iliyofuata Saidi ndiye aliyenirudisha. Tulipita Shinyanga. Tulipita Kahama. Tulipofika Bukoli, pale nilipolivunjia gari langu la uongo, akapunguza mwendo, akaangalia kushoto na kulia kama mtu anayetafuta chuma chakavu.

"Njia hii naijua mwaka wa sita huu," akasema. "Haijawahi kuwa ndefu kama ulivyoifanya wewe."

Ndiyo maana mtu akisimama msibani akaanza kueleza kilomita zake, mimi simsikilizi. Namtazama usoni natafuta mgao wake ulikuwa wapi.

Sasa, wewe si mimi. Najua. Wewe hukuniomba ungojwe ili umalize kugawana mawe. Umeomba kwa sababu unanipenda na kwa sababu ulimsikia daktari alivyosema kuhusu kifua changu, na ukaanza kukokotoa saa kama mtoto anayehesabu vidole. Lakini bili ya kungojwa hailipwi na anayengojwa, bwana mdogo. Atakayekaa pale uani siku nne akitazama geti ni mama yako. Kila bodaboda itakayosimama utakuwa wewe. Mimi sitaona lolote, nitakuwa nimejilalia zangu. Yeye ndiye ataona vumbi lote. Nimeshamfanyia mwanamke mmoja hivyo. Wa pili sitaki.

Na nikuambie la aibu, kwa kuwa uko mbali na uso wangu unaposoma. Uliposema huendi, nusu yangu ilifurahi. Ilifurahi hasa! Nikakuona hapa hapa, unaunganisha magari mabovu ya watu Ngokolo, jioni unakuja kunitukana kidogo tunakunywa chai, mpaka siku yangu ifike na wewe ndiye wa kwanza kushika jeneza. Nusu hiyo naijua. Ndiyo ile ile iliyobaki Nyarugusu ikilinda mfuko wake. Nimeidharau miaka yote hii na sitaanza kuisikiliza leo kwa kuwa imezeeka.

Kwa hiyo jana nilijikongoja mpaka kwa imamu.

"Sheikh, kamata kalamu."

"Vipi Mzee Juma, unaumwa?"

"Siumwi. Nina mtoto anakwenda Perth."

"Perth ndiyo wapi?"

"Ni siku nne."

Akaelewa hapo hapo. Kumbe kuna watu wanaojua hesabu. Akaandika mbele yangu, nikaweka sahihi yangu ile ya kuchechemea: nikifa asubuhi, nizikwe adhuhuri. Nikifa adhuhuri, nizikwe alasiri. Nikifa usiku, wapate usingizi wao, nizikwe asubuhi wakishakunywa uji. Asingojwe mtu yeyote, hata akiwa Mwanza, hata akiwa Ibinzamata hapo jirani anatafuta bodaboda. Na wa kuteremka kunipokea anatosha hata Ramadhani, mradi simu yake aiache nyumbani.

Hilo ndilo jibu langu. Hungojwi. Usichane kioo cha watu.

Ukipigiwa, kaa chini, ulie upendavyo, huko jangwani kuna nafasi. Usikimbie viwanja vya ndege na macho mekundu ukigombana na wasichana wa kaunta ambao hawajamuua baba yako. Njoo wakati wako. Baada ya mwezi sawa, baada ya mwaka sawa. Ila siku ukija, na shangazi yako Mwajuma akikuuliza mbona hukuwepo, na atakuuliza, maana anauliza kila mtu, sema: sikuwepo. Basi. Usimtajie kilomita. Anazijua.

Na usitume pesa za pilau la kulisha mtaa kwa ajili ya kujifuta machozi. Mtaa huu ukila sana unasema sana.

Sasa kuna jambo moja dogo, nalo ni haki yangu. Wiki ile kabla ya iliyopita tulicheza drafti, nikakufunga mbili bila. Tulikubaliana mbele ya mama yako: anayefungwa anamkata mwenzake kucha za miguu. Ukasema unapigiwa simu na watu wa viza, ukatoroka. Najua utasema niliiba kete. Niliiba, ndiyo, mbili. Lakini ulikuwa unatazama simu, na anayetazama simu mbele ya kete ameshazitoa sadaka. Kufungwa ni kufungwa.

Mgongo wangu haupindi tena, Shabani. Mwaka mzima huu vidole vyangu navionea mbali kama ndugu wa upande wa mke. Mama yako akishika wembe mikono inamcheza, mara ya mwisho nilichinjwa. Gari linakuja saa nne. Wewe njoo uani saa mbili, vuta kigoda, utanikuta nimeshaloweka miguu kwenye beseni. Njoo na wembe mpya. Anza na mguu wa kushoto, wenye kidole gumba kilichoangukiwa na jiwe. Ukucha wake ni mgumu na umekunjamana, unataka mkono wa fundi. Usiuharakishe.

Baba yako,
Juma